Mikono Miwili ya Musa



Leo tutazame neno moja: kukabidhi. Neno hili lina majirani zake. Kurithisha kwa kawaida hufuata damu, na mara nyingi hungoja kifo. Kung'atuka ni neno la Kizanaki. Mwalimu Nyerere alilieneza alipoacha urais wa Tanzania mwaka 1985, ingawa uenyekiti wa chama aliushika hadi 1990. Lakini kung'atuka humtazama anayeondoka tu. Kukabidhi huhitaji watu wawili, mmoja akitoa na mwenzake akipokea, na wote wawili wakiwa hai.

Fungueni Hesabu 27, kuanzia mstari wa 12. Musa ameambiwa kwamba atakufa. Alikuwa na wana wawili, Gershomu na Eliezeri, wala hakuomba hata mmoja wao apewe nafasi yake. Aliomba tu mtu wa kuwaongoza watu wasipotee. Mungu akamchagua Yoshua, akamwagiza Musa amwekee mkono mbele ya kuhani Eleazari na kusanyiko lote. Angalieni mstari wa 18: ni mkono, mmoja. Sasa shukeni hadi mstari wa 23. Musa aliweka mikono. Alitoa kupita alivyoagizwa.

Sisi hatukufanya hivyo. Tulipomaliza zamu yetu ya uweka hazina kanisani, tulikabidhi vitabu vya hesabu mbele ya wazee, tukaombewa, tukanywa chai. Ufunguo wa kabati la fedha tukabaki nao miezi mitatu. Tulijiambia kwamba kijana yule bado hajazoea kazi. Kila Jumapili alitujia kuuomba, amesimama mlangoni kama mtoto anayetaka ruhusa, nasi, tukiri, tulipenda kuombwa.

Wazee wa Africa Inland Church watakumbuka mwaka 1971, misheni ilipokabidhi kazi kwa kanisa chini ya Askofu Wellington Mulwa. Kuna wamisionari waliobaki, wakatumika chini ya watu waliowafundisha wenyewe. Twadhani jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kufunga mizigo na kurudi kwao.

Ufunguo ule tuliupeleka Jumatatu moja jioni, nyumbani kwa kijana, bila sherehe. Aliupokea kwa mikono miwili, akatukaribisha ndani.

Tuombe.