Siku Tatu Baada ya Kung'olewa Gego: Maumivu, Uvimbe na Wajibu Wetu

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na timu yetu ya afya mbele ya wajumbe wa kamati za parokia waliokusanyika Qurus, Wilaya ya Karatu. Tunayachapisha kwa manufaa ya kamati nyingine na ya wafadhili wetu.)



Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia maji, mashamba na ada za shule. Leo tumeomba tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo, yaani jino. Tutazungumza hasa juu ya magego ya mwisho, yale yanayoota nyuma kabisa ya taya wakati mtu ameshakuwa kijana, kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Wengine huyaita meno ya hekima. Kwa baadhi ya watu hutoka vizuri bila shida. Kwa wengine nafasi haitoshi. Jino hulala upande, au hutoka nusu tu na kufunikwa na kipande cha fizi. Chakula hujificha chini ya fizi ile, wadudu wa ugonjwa huzaliana, na hapo shavu huvimba na usingizi hukimbia.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya kijana mmoja. Hatutamtaja jina. Aling'olewa gego la chini, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Kesho yake alikwenda kibarua cha vitunguu Mang'ola, kwa kuwa ilikuwa siku ya malipo. Siku ya pili shavu lilivimba. Jirani mmoja akasema jino liling'olewa vibaya, mwingine akasema ni mkono wa mtu. Siku ya nne homa ilipanda, wakamnunulia dawa ya malaria. Siku ya tano hakuweza kufungua kinywa wala kumeza mate, na chini ya kidevu palikuwa pagumu kama ubao. Ndipo akapakiwa kwenye pikipiki usiku kupelekwa hospitali. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini alilazwa muda mrefu, na mama yake aliuza ng'ombe.

Tulipokaa na familia ile baadaye, mama alituuliza swali moja: "Ningejuaje kwamba uvimbe wa siku ya pili si kitu, na wa siku ya tano ni kifo?" Swali hilo ndilo tunalojibu leo.

Kabla ya kung'oa

Si kila gego la mwisho hung'olewa. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa taifa unasema magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa tahadhari tu. Muulizeni daktari wa meno, "Je, ni lazima?" Kumuuliza si kukosa adabu.

Anayekwenda kung'olewa amweleze daktari kila kitu: kama ni mjamzito, kama ana kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, pumu au vidonda vya tumbo, na kama aliwahi kutokwa damu nyingi. Aseme pia dawa anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Watu wengi hutuliza jino kwa aspirini kwa siku nyingi kabla ya kwenda. Aspirini hufanya damu ichelewe kuganda, kwa hiyo daktari anahitaji kujua. Na kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya fizi, maana huiunguza. Vivyo hivyo mafuta ya taa na maji ya betri, ambayo bado tunasikia yakitumika, huchoma nyama na hayaponyi.

Siku ya kwanza: kuilinda damu iliyoganda

Jino likitoka, shimo lake hujaa damu, na damu ile huganda. Hicho ndicho kifuniko cha kidonda, na uponaji wote huanzia hapo. Kwa hiyo mgonjwa aume gozi aliyopewa kwa nusu saa mpaka saa nzima bila kuitoatoa kila mara kuiangalia. Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Damu ikichuruzika, akae wima, aume gozi mpya au kitambaa safi kilichokunjwa kwa nusu saa nyingine. Isiposimama, arudi alikotibiwa.

Siku hiyo asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinyonye kitu kwa mrija, asivute sigara wala kunywa pombe. Chai isiwe ya moto. Asiingize kidole wala kijiti kwenye shimo. Na asiende shamba. Kijana wetu alikosea hapo, lakini tusimlaumu yeye peke yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Dawa za maumivu

Watu wengi wanaamini kwamba dawa kali ni sindano, au ni mchanganyiko wa vidonge vya rangi mbalimbali. Lakini mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2013 na mtandao wa kimataifa wa Cochrane yalichunguza hasa maumivu baada ya kung'oa magego ya mwisho ya chini. Yalionyesha kwamba ibuprofeni ikitumiwa pamoja na parasetamoli hutuliza vizuri kuliko dawa moja peke yake. Hizi ni dawa mbili za kawaida.

Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula. Aanze kabla ganzi haijaisha. Kuyazuia maumivu ni rahisi kuliko kuyafukuza yakishakuwa makali.

Sasa tahadhari. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo asitumie ibuprofeni mpaka aulize mtaalamu. Diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni, zisichanganywe. Panadol ni parasetamoli kwa jina jingine, na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Anayemeza zote pamoja anazidisha dozi bila kujua, na ini lake ndilo linaloumia.

Antibiotiki si dawa ya maumivu. Zinatumika daktari akiziandika, na zikiandikwa zimalizwe. Vidonge vilivyobaki kwa jirani visigawanywe. Mnajua kwamba tangu mwaka 2003, mpango ulipoanzia Ruvuma, nchi yetu imekuwa na maduka ya dawa muhimu ambayo wauzaji wake hupewa mafunzo na kibali. Nunueni huko, siyo mnadani.

Uvimbe

Hapa ndipo penye jibu la yule mama. Mwili ukikatwa hupeleka maji na damu mahali pa jeraha ili upone. Kwa hiyo shavu huvimba. Uvimbe huo huongezeka mpaka kilele chake siku ya pili au ya tatu, kisha huanza kupungua. Taya hukaza kidogo, na shavu linaweza kuwa na alama kama ya kupigwa. Hayo si uchawi, wala si dalili kwamba daktari alikosea.

Siku ya kwanza tumieni baridi. Hatuna majokofu katika kila nyumba, lakini maji ya mtungini yanatosha. Loweka kitambaa safi, kamua, weka juu ya shavu kwa dakika 15 mpaka 20, pumzika, kisha rudia. Wakati wa kulala kichwa kiinuliwe kwa mito miwili au kanga zilizokunjwa. Baada ya siku mbili, kitambaa cha uvuguvugu husaidia taya lililokaza.

Baada ya saa 24 za mwanzo, mgonjwa asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi moja, mara kadhaa kwa siku na kila baada ya kula. Maji yawe yamechemshwa au kuchujwa. Katika hilo tusione aibu kujifunza kwa jirani zetu, kwani Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida.

Chakula kiwe uji uliopoa, maziwa, mtori au ugali laini. Makande yasubiri wiki moja, maana punje huingia shimoni.

Dalili za kutosubiri

Kuna tatizo linaloitwa shimo kavu. Damu iliyoganda hutoka, mfupa hubaki wazi. Maumivu yaliyokuwa yanapungua hurudi kwa ukali siku ya tatu au baada yake, hupanda mpaka sikioni, na kinywa hunuka. Si hatari kwa maisha, lakini haliishi kwa kuvumilia. Mgonjwa arudi, shimo lioshwe na kuwekewa dawa.

Hatari kubwa ni maambukizi yanayoshuka chini ya ulimi na shingoni. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliyaeleza mwaka 1836, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Huziba njia ya hewa. Kwa hiyo mtu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, akiwa na lolote kati ya haya:

- uvimbe unaozidi kuongezeka baada ya siku ya tatu;
- homa au usaha;
- kinywa kinachozidi kukaza na kushindwa kufunguka;
- ugumu chini ya kidevu au shingoni;
- kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika, au kupumua kwa shida;
- damu isiyosimama.

Homa baada ya kung'olewa jino isidhaniwe tu kuwa ni malaria. Na taya lililokaza linaweza pia kuwa pepopunda. Kwa vyovyote vile mahali pake ni hospitali, siyo kwa mganga.

Tunachoomba

Ndugu wanakamati, hatuombi jengo. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iwe na mtu mmoja anayezijua dalili hizi, na awatembelee wagonjwa wa jino siku ya tatu na ya tano, kama tunavyomtembelea mama aliyejifungua. Pili, kila kamati itenge akiba ndogo ya nauli ya dharura. Njia zetu mnazijua, masika ni tope, na dereva wa pikipiki usiku hakubali kukopwa. Tatu, anayeajiri vibarua amruhusu aliyeng'olewa jino apumzike siku mbili bila kupoteza nafasi yake.

Kwa wafadhili wetu, mchango wenu katika hili utanunua gozi, vipimajoto na kadi za maelekezo kwa Kiswahili chepesi za kubandikwa ukutani. Ni vitu vidogo. Lakini mama yule angekuwa na kadi ile ukutani, angeondoka na mwanawe siku ya nne asubuhi, na ng'ombe wake angekuwa bado zizini.