Mtoto Akichagua Masomo Mawili Yasiyofanana
(Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa vikundi vya kujisaidia, Nyamira)



Nimeombwa niseme juu ya karo ya chuo, kwa sababu vikundi vyetu vingi siku hizi vinakopesha wanachama kwa jambo hilo. Nitashika swali moja tu, lile lililoleta ubishi. Mtoto ameitwa chuo kikuu kusomea ualimu, na barua inasema Kiswahili na Jiografia. Mzee anauliza, "Ngeli na milima vimekutana wapi? Huyu hajui anachotaka, pesa zetu zitapotea." Wengine wanaitikia, na mkopo unakaa.

Ndugu zangu, huyo mtoto hajapotea. Anayesomea ualimu wa sekondari hapa Kenya huchukua masomo mawili ya kufundisha, na juu ya hayo hujifunza kazi yenyewe: saikolojia, njia za kufundisha, halafu anakwenda shuleni kufanya mazoezi. Yote hayo kwa miaka minne. Na sababu mnaijua. Tazameni shule zetu za kutwa huku vijijini, zile za mkondo mmoja. Vipindi vya Jiografia peke yake haviwezi kumshughulisha mwalimu wiki nzima. Basi akitoka darasa hili na ramani yake, anaingia lile lingine na ngeli. Mwalimu wa somo moja tu, shule ndogo itamfanyia nini? Mimi naona hata afadhali masomo yawe mbalimbali, maana mtu mmoja anaziba mapengo mawili.

Tena si ualimu peke yake. Wangari Maathai mnamjua kwa miti. Mwaka 1960 alipata nafasi ya kwenda Marekani, akaingia chuo cha masista Wabenediktini, Mount St. Scholastica, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Somo lake kubwa lilikuwa biolojia, na kando yake kemia na Kijerumani. Biolojia na kemia, sawa, hao ni ndugu. Lakini Kijerumani! Msichana wa Nyeri anakipeleka wapi? Angekuwa wa hapa kwetu, nadhani kamati ingemwita ajieleze.

Alimaliza 1964, akachukua shahada ya pili huko Pittsburgh. Aliporudi Nairobi alipata kazi chini ya profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, katika anatomia ya mifugo, na mwaka 1967 akaenda Ujerumani kuendelea na utafiti. Shahada ya udaktari aliipata Chuo Kikuu cha Nairobi, 1971. Sisemi Kijerumani ndicho kilichompa kazi. Nasema tu kwamba hakikulala bure. Na ile kazi ya Green Belt Movement aliyoianza 1977, akipanda miti na vikundi vya akina mama kama hivi vyenu, hakuisomea mahali popote. Yeye alisomea miili ya wanyama.

Lakini msitoke hapa mkasema mwalimu amesema kila mchanganyiko ni mzuri. Sivyo. Kwa ualimu wa sekondari, TSC inataka mtu awe na C+ kwa jumla katika KCSE, na pia C+ katika kila somo kati ya yale mawili. Kisha huko chuoni awe amesoma kila moja kwa kozi zisizopungua nane. Sasa mtoto ana B ya Kiswahili na C ya kawaida ya Jiografia: hapo ulizeni vizuri kabla mweka hazina hajafungua sanduku. Au mwingine anafika mwaka wa pili, vipindi vya masomo yake vinagongana saa moja, analegeza moja. Cheti atapata, lakini upande mmoja kozi zitakuwa sita. Atakapoomba kazi atarudishwa, na ninyi mnangoja mkopo. Kwa hiyo barua ya chuo na matokeo ya KCSE viwekwe pamoja mezani, na kila mwaka alete karatasi ya alama. Si kumdharau, ni pesa za watu.

Yule anayetaka ualimu mchana na uhasibu jioni katika chuo kingine, huyo ni habari nyingine. Hapo karo ni mbili. Mimi ningemkopesha ya kwanza, hiyo ya pili aisubiri.

Jambo la mwisho ni wakati. Vyuo vingi hufungua Agosti au Septemba, na bonasi ya majani chai huja baadaye, kama Oktoba. Ng'ombe wengi huuzwa kwa hasara katika pengo hilo. Kikundi kikiweka kando fedha za karo tangu Mei, kwa riba ndogo, na mzazi akakubali kulipa bonasi ikiingia, ng'ombe atabaki zizini. Katibu ana kitabu, mnaweza kuanza kuandika majina leo.