Pipa la Bia na Mnara wa Saa: Kuisoma St Pancras Kuanzia Chini



Kila nikiitaja stesheni ya St Pancras, London, hakosekani mtu wa kunisimulia kisa kile kile. Kwamba msanifu majengo George Gilbert Scott, alipokataliwa na Palmerston, Waziri Mkuu wa Uingereza, mchoro wake wa Kigothiki wa Wizara ya Mambo ya Nje, aliukunja akauficha kabatini, kisha akauchomoa kampuni ya reli ya Midland ilipotaka hoteli. Kwa hiyo zile fleti 67 za kifahari zilizo juu ya hoteli leo, eti, ni ofisi zilizokosa mawaziri. Kisa kitamu, lakini ni uzushi.

Mzizi wake ni Scott mwenyewe. Katika kumbukumbu zake alisema kwamba baada ya kunyimwa kule, alifurahi kupata kujenga London jengo moja la mtindo ule. Mtindo, jamani, si mchoro! Mabibi harusi wawili wakishonewa mshono mmoja, nani atasema wameazimana gauni? Na gauni lenyewe lisingeenea. Hoteli imepinda upande wa magharibi kufuata kiwanja, magari yanapita chini ya matao yake, na nyuma yake reli ziko juu kuliko barabara. Wizara gani ilihitaji hayo?

Reli ziko juu kwa sababu zilivushwa juu ya mfereji wa Regent's. Nafasi iliyobaki chini ilikusudiwa kwanza kujazwa udongo, mpaka ikaonekana ingefaa kuwa ghala la bia kutoka mji wa Burton. Hapa mniwie radhi, nitakawia. Mwaka 1870 mhandisi William Henry Barlow aliwaeleza wahandisi wenzake jinsi alivyoijenga stesheni, na maelezo yale nimeyasoma hadi kurasa zimelegea. Bila haya anakiri kwamba kipimo kilichoongoza mpango mzima wa chini kilikuwa pipa la bia. Nguzo za chuma zikasimamishwa kila baada ya futi 14 na inchi 8. Juu, matao ya paa yanafuatana kwa futi 29 na inchi 4: zidisheni wenyewe. Tena boriti za sakafu iliyolifunika ghala ndizo zinazoshika miguu ya matao isitanuke, ndiyo maana paa la upana wa futi 240 halina nguzo hata moja katikati.

Najua hoja ya upande wa pili: kwamba kilicholiokoa jengo ni uzuri wa juu, si hesabu ya chini. Hoteli ya awali ilifungwa mwaka 1935, bafu zake zikihesabika kwa vidole, na lango la stesheni ya Euston lililokuwa jirani likabomolewa miaka ya 1960. Bila uzuri wa Scott na kelele za mshairi John Betjeman, huenda jengo lisingeingizwa mwaka 1967 katika daraja la juu la majengo yanayolindwa. Nakubali yote. Hata hivyo, mwenye fleti ya mnara wa saa anaishi juu ya hesabu ya mapipa, na nitalisema hilo hadi nistaafu.

Nilishuka huko chini, ambako sasa ni maduka na ukumbi wa abiria wa Paris, nikaanza kupima nguzo kwa futikamba ya fundi cherehani. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamjibu, mapipa ya bia. Akanielekeza kwa upole: baa iko ghorofani.