Raia Katika Kiti cha Uamuzi: Juri ya Marekani na Funzo Lake kwa Wazee wa Baraza

1. Utangulizi



Mada yangu inahusu juri, yaani kundi la raia wa kawaida wanaoitwa mahakamani kusikiliza ushahidi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Tanzania haina juri. Hata hivyo, swali linalobebwa na juri ni letu pia: raia asiyesomea sheria ana nafasi gani katika kesi ya jinai, na neno lake lina uzito gani? Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2022, pale sheria yetu ilipobadilishwa na uwepo wa wazee wa baraza, yaani raia wanaoketi na jaji na kumpa maoni, katika Mahakama Kuu ukaachwa kwenye hiari ya mahakama.

Nitaanza Marekani, ambako haki ya juri imo ndani ya Katiba na ambako mahakama zimebishana juu yake kwa muda mrefu. Kisha nitarudi nyumbani. Hoja yangu ni moja: juri haipati nguvu kutokana na hekima ya wajumbe wake. Inaipata kutokana na kanuni tatu, nazo ni namna wajumbe wanavyopatikana, namna wanavyolazimika kujadiliana, na namna neno lao linavyolindwa. Ikikosekana mojawapo, raia walioketi mahakamani hubaki pambo, au huwa hatari kwa haki.

2. Mizizi ya juri

Marekani iliirithi juri kutoka Uingereza. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterani uliwakataza makasisi kushiriki katika majaribio ya moto na maji, ambayo watu waliamini kwamba Mungu huyatumia kumfichua mkosaji. Mahakama za Kiingereza zikahitaji njia nyingine ya kuujua ukweli, zikaiangukia juri.

Kwa karne kadhaa wajumbe hawakuwa huru. Mwaka 1670, jijini London, William Penn na William Mead walishtakiwa kwa kuhutubia mkusanyiko barabarani. Juri ilikataa kuwatia hatiani. Wajumbe wakafungiwa bila chakula ili wabadili msimamo, na walipogoma wakatozwa faini. Mmoja wao, Edward Bushell, alikataa kulipa, akawekwa gerezani, na akapeleka malalamiko yake mahakama ya juu. Jaji Mkuu Vaughan aliamua kwamba mjumbe wa juri haadhibiwi kwa uamuzi alioutoa. Juri zote za leo zimesimama juu ya uamuzi huo.

3. Wajumbe wanavyopatikana

Mahakama za shirikisho nchini Marekani zinafuata sheria ya mwaka 1968 inayotaka wajumbe wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka katika orodha inayowakilisha jamii nzima ya eneo husika. Majina hutoka kwenye daftari la wapiga kura, na pale daftari lisipotosha huongezwa orodha nyingine, kama ile ya wenye leseni za udereva. Anayeitwa lazima awe raia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, awe ameishi eneo hilo mwaka mmoja, na aelewe Kiingereza. Mwito huo ni amri, na asiyeitikia anaweza kuadhibiwa.

Siku ya kesi hufanyika usaili. Jaji, na mara nyingi mawakili pia, huwauliza maswali walioitwa. Je, unamfahamu mshtakiwa? Umewahi kuibiwa? Una ndugu polisi? Utaweza kumwachia huru mtu unayemshuku, iwapo ushahidi hautoshi? Anayeonekana kuegemea upande mmoja hukataliwa kwa sababu inayotajwa wazi, na idadi ya wanaoweza kukataliwa hivyo haina kikomo. Zaidi ya hapo, kila upande una nafasi chache za kumkataa mtu bila kutoa sababu. Katika kesi ya kosa kubwa mahakama ya shirikisho, mwendesha mashtaka ana nafasi 6 na utetezi una 10.

Nafasi hizo za kukataa bila sababu ndizo zilizoleta uchungu mwingi. Sheria iliyowazuia Wamarekani Weusi kuingia kwenye juri ilitamkwa kuwa kinyume cha Katiba tangu mwaka 1880, katika kesi iliyotoka West Virginia. Lakini kufuta sheria hakukufungua mlango. Mwaka 1955, katika mji wa Sumner, Mississippi, watu wawili walishtakiwa kwa kumuua Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14. Juri ilikuwa ya wanaume Wazungu 12 watupu, ingawa wengi wa wakazi wa wilaya hiyo walikuwa Weusi. Orodha ya juri ilitegemea uandikishaji wa wapiga kura, na Weusi walikuwa wamezuiwa kujiandikisha. Wanawake nao hawakuruhusiwa. Wajumbe walijadiliana kwa muda wa saa moja na dakika chache tu, wakawaachia washtakiwa. Mwezi Januari mwaka uliofuata washtakiwa hao walikiri katika jarida kwamba walimuua. Aliyetaka kujua matokeo ya kesi hiyo angeweza kuyasoma kwenye orodha ya wajumbe kabla shahidi wa kwanza hajasimama.

Pale orodha zilipopanuliwa, waendesha mashtaka wengi walianza kuwaondoa Weusi kwa kutumia zile nafasi za kukataa bila sababu. Mwaka 1986, katika kesi ya Batson dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mwendesha mashtaka haruhusiwi kumkataa mjumbe kwa sababu ya rangi yake. Akituhumiwa kufanya hivyo, lazima atoe sababu nyingine ya kuaminika. Mwaka 1994 katazo hilo likagusa pia kumkataa mtu kwa sababu ya jinsia. Shida ni kwamba sababu ya kusingizia haikosekani: amevaa vibaya, hakumtazama wakili usoni, anaishi mtaa fulani. Ndiyo maana jimbo la Arizona liliziondoa kabisa nafasi hizo kuanzia mwaka 2022, kama Uingereza ilivyofanya kwa upande wa utetezi kwa sheria ya mwaka 1988.

4. Ndani ya chumba cha majadiliano

Ushahidi ukiisha, jaji huwaeleza wajumbe sheria: kosa lina viini gani, mzigo wa kuthibitisha ni wa nani, na maana ya kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Kisha wajumbe huingia chumbani peke yao. Jaji hayumo, mawakili hawamo. Humchagua kiongozi wao, isipokuwa pale ambapo jaji ndiye anayemteua. Wakitaka ufafanuzi humwandikia jaji, na jibu hutolewa pande zote mbili zikijua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Harry Kalven na Hans Zeisel, walichapisha mwaka 1966 utafiti wa kesi zaidi ya 3,500. Waliwauliza majaji wangeamuaje kama wangekuwa peke yao. Majaji na juri walikubaliana katika takriban asilimia 78 ya kesi. Pale walipotofautiana, mara nyingi ni juri iliyomwachia mtu ambaye jaji angemtia hatiani. Anayedhani kwamba raia hawawezi kuelewa ushahidi ana wajibu wa kuujibu utafiti huo.

Watafiti hao hao waligundua jambo jingine linaloelekea kuvunja moyo: katika kesi 9 hivi kati ya 10, upande uliokuwa na wengi kwenye kura ya kwanza ndio ulioshinda mwishoni. Je, majadiliano hayana kazi? Sehemu ya jibu ilitolewa mwaka 1983 na Reid Hastie, Steven Penrod na Nancy Pennington, waliochunguza majadiliano ya juri za majaribio. Walitofautisha juri za aina mbili. Moja hupiga kura mapema, na kuanzia hapo kila mmoja hutetea kura yake. Nyingine huanza na ushahidi, hupanga matukio yalivyofuatana, na huchelewesha kura hadi maneno yameisha. Aina ya pili huupitia ushahidi kwa kina zaidi. Mwaka 2006 mtafiti Samuel Sommers alionyesha kwamba juri za majaribio zenye watu wa rangi mchanganyiko zilijadili mambo mengi zaidi ya kesi na zilifanya makosa machache kuliko zenye Wazungu watupu. Hivyo namna ya kuwapata wajumbe hugusa pia ubora wa mazungumzo yao.

Kanuni ya kura nayo inatengeneza majadiliano. Ikiwa lazima wote 12 wakubaliane, mmoja mwenye shaka hawezi kupuuzwa. Wenzake watalazimika kumjibu. Ikiwa 10 wanatosha, wawili wanaweza kunyamazishwa kwa kuhesabiwa tu. Louisiana iliingiza uamuzi usio wa kauli moja kwenye katiba yake ya mwaka 1898, katika mkutano ambao dhamira yake ya kulinda utawala wa Wazungu ilitamkwa wazi. Weusi wachache wangeweza kupenya hadi kwenye juri, lakini kura zao zisingezuia kitu. Mwaka 2020, katika kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa kunahitaji kauli moja ya wajumbe wote. Wakishindwa kabisa kukubaliana, kesi huvunjika na inaweza kuanza upya mbele ya juri nyingine.

5. Afrika Mashariki: tulirithi nini?

Waingereza hawakutuletea juri waliyojiwekea wenyewe. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Hivyo ndivyo Sir Delves Broughton alivyoachiwa mjini Nairobi mwaka 1941 katika kesi ya mauaji ya Lord Erroll. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji.

Mfumo huo tuliubeba hadi baada ya uhuru. Kenya iliwaondoa wazee wa baraza kwa sheria ya mwaka 2007. Kesi zilizokuwa zimeanza nao ziliendelea, mojawapo ikiwa ya Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere. Mwaka 2009 wazee walisema hana hatia. Jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Sheria ilimruhusu, lakini mwananchi alibaki akiuliza wazee waliitwa kufanya nini.

Kwetu Tanzania, kabla ya mwaka 2022, kwa kawaida kesi ya jinai iliyosikilizwa na Mahakama Kuu katika ngazi ya kwanza ilihitaji wazee wa baraza wasiopungua wawili. Tuwapime kwa kanuni zangu tatu.

Kwanza, namna ya kuwapata. Sheria inasema mahakama ndiyo inayowachagua. Hakuna bahati nasibu, wala usaili wa wazi unaolingana na ule niliouelezea.

Pili, majadiliano. Sheria haiwakatazi kushauriana, lakini haiwalazimishi kusikilizana hadi wafikie kauli moja. Kila mzee hutoa maoni yake kwa mdomo, na mara nyingi ni sentensi chache.

Tatu, uzito wa neno lao. Jaji hafungwi nalo. Hapa lazima niipongeze Mahakama ya Rufani. Kwa miaka mingi ilibatilisha mienendo ya kesi za mauaji pale jaji aliposhindwa kuwafanyia wazee majumuisho ya kutosha, au wazee walipoachwa wawahoji mashahidi kama mawakili. Ilikataa ushiriki wa jina tu. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa: kesi kuanza upya, mashahidi kutafutwa tena, na mahabusu kuendelea kungoja gerezani. Ni wazi kwamba gharama hiyo iliufanya mfumo uonekane mzigo.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Naiamini methali hiyo, ila mzee wa methali alikaa barazani, akasikiliza, akabishana na wenzake, na neno lao likatekelezwa. Mzee tuliyemwita mahakamani tulimnyima karibu yote hayo, kisha tukasema hana faida.

6. Mapendekezo

Sipendekezi tuanzishe juri ya watu 12. Gharama yake ni kubwa, na huko Marekani kwenyewe kesi nyingi mno huishia kwa mshtakiwa kukiri kosa kwa makubaliano, utaratibu ambao na sisi tuliuingiza katika sheria mwaka 2019. Ninachopendekeza kinawezekana ndani ya mfumo wetu.

(a) Kila kanda ya Mahakama Kuu iwe na orodha ya wazee wa baraza inayotokana na kata zote, yenye wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wa kila kesi wapatikane kwa kura ya wazi.

(b) Kabla ya kesi waulizwe hadharani kuhusu uhusiano wao na pande zote, na majibu yaandikwe.

(c) Majumuisho ya jaji yatolewe kwa Kiswahili chepesi, kwa maandishi, yakitaja maswali mahususi ya kujibiwa. Baada ya hapo wazee wapewe chumba na muda wa kujadiliana kabla ya kutoa maoni.

(d) Jaji asiyekubaliana nao aandike sababu zake. Sheria ya mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya tayari inamtaka mwenyekiti afanye hivyo anapotofautiana na washauri wake. Haifai mgogoro wa kiwanja uwe na ulinzi ambao kesi ya kifo haina.

(e) Kwa kuwa sasa wazee huitwa pale mahakama inapoona inafaa, utolewe mwongozo unaotaja kesi za aina gani zinawahitaji. Ningeanza na zile zinazotegemea tathmini ya mwenendo wa kawaida wa watu: kujihami, kuchokozwa, utambuzi wa mtu usiku.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, tangu Bushell akatae faini hadi uamuzi wa Ramos, historia ya juri imeonyesha kwamba raia huamua vizuri pale sheria inapowatendea kama waamuzi. Mahakama zetu zinatoa haki kwa niaba ya wananchi. Nawaomba majaji mliopo hapa mtumie hiari mliyopewa mwaka 2022 kuwaita wazee wa baraza, na mnapowaita, muwape muda, maelezo na majibu. Nanyi mawakili, ombeni wawepo katika kesi zenu zinazowahitaji, na mkiombe chama chetu kiyapeleke mapendekezo haya kwa Tume ya Kurekebisha Sheria.