Na Mise Je? Bwana Shamba na Wakulima wa Simbo



Anayealikwa kuzungumzia mawasiliano mkoani Kigoma hutarajiwa aanze na Stanley na Livingstone pale Ujiji, mwaka 1871. Niwieni radhi. Wale walisema lugha moja na wakaelewana. Mimi nina habari ya wawili wanaosema lugha moja na wasisikilizane: bwana shamba na mkulima wa migazi, yaani michikichi.

Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipozindua kampeni ya zao la mchikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikabebeshwa kazi ya mbegu, neno "tenera" limezoeleka vijijini. Kuzoeleka si kueleweka. Nilikuwapo kijijini Simbo siku kijana mmoja mwenye shahada yake alipokuja kulieleza. Alichelewa, akatupa "habari zenu" moja kwa watu wote, akafungua daftari. Kwa Waha hiyo haijawa salamu. Mtu huulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, na anayeuliza hungoja jibu. Kisha akasema: migazi yenu ni ya kienyeji, imepitwa na wakati, pandeni mbegu bora ya kisasa, na msithubutu kuotesha kokwa zake wenyewe. Wazee wakanyamaza. Yeye akaandika kwamba wamekubali.

Alipoondoka, mzee mmoja akasema, "Mbegu usiyoruhusiwa kuipanda tena ni mbegu gani? Huyu ana duka."

Sasa, kijana alisema kweli. Migazi ya asili ya hapa kwetu kwa sehemu kubwa ni dura: gamba la kokwa nene, nyama ya tunda kidogo. Iko nyingine, pisifera, isiyo na gamba, lakini mara nyingi haishiki matunda. Wazalishe hao wawili upate tenera, mwenye gamba jembamba na nyama tele ya kukamua mawese. Siri hiyo ilifumbuliwa ng'ambo ya ziwa letu, Yangambi nchini Kongo, na Beirnaert na Vanderweyen mwaka 1941. Ukiotesha kokwa za tenera, takriban robo ya miche hurudi kuwa dura na robo nyingine pisifera, nawe hutajua mpaka umepalilia miaka mitatu hivi. Hakuna mfuga mbuzi Simbo atakayeshindwa kuelewa habari hiyo ya wazazi na watoto.

Kwa nini basi hakuieleza? Kwa sababu aliisoma kwa Kiingereza, tangu kidato cha kwanza hadi shahada, akaikariri kwa ajili ya mtihani. Kwa Kiswahili amebakiwa na maneno matatu: bora, kisasa, kienyeji. Aliyekosa maneno ya kueleza huishia kuamuru, na hilo la tatu, ukimwambia mzee juu ya shamba alilorithi kwa baba yake, ni tusi.

Wakulima nao wana yao. Wengi huapa kwamba Malaysia ilitajirika kwa mbegu ya Kigoma. Sikubaliani nao: kilimo kile kilianzia miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, yenye asili ya Afrika Magharibi. Niliwaambia hivyo. Wakanicheka, wakaniuliza kama nilikuwapo.

Lakini swali lililonikaa lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa nyuma, kabla kijana hajafunga daftari. "Mwanangu, na mise je?" Kwake mawese ni ya baba wa nyumba, mise, yaani kiini cha kokwa, ni yake. Mawese yakishakamuliwa, yeye huanika kokwa, huzipasua juu ya jiwe moja moja, akauza kiini. Na kiini cha tenera kwa kawaida ni kidogo kuliko cha dura. Kijana alipekua daftari lake. Hesabu zote humo zilikuwa za mawese.

Enyi walimu wa kilimo mlioko humu ukumbini, ombi langu ni dogo: mwanafunzi asihitimu kabla hajaeleza tenera kwa Kiswahili mbele ya wapasua kokwa, nao waruhusiwe kumuuliza maswali. Mama wa Simbo amekaa safu ya tatu. Bado hajajibiwa.