Likelemba ya Akili

(MUZIKI UNAINGIA, UNASHUKA POLEPOLE)

Mama uliye jikoni, kijana uliyeegesha boda yako kivulini, mzee mwenye redio chini ya mti, karibuni nyote katika kipindi chetu. Leo tunaongea juu ya biashara ndogo, na juu ya watu wanaoweza kukusaidia kuikuza bila kukupa hata shilingi moja.

Sisi tulio hapa Uganda tuna bahati moja. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Ndiyo maana hapa Nakivale, ukipita Base Camp, unakuta vibanda vya nguo, saluni, maduka ya unga, mafundi wa kila namna. Lakini wote tunajua pia kwamba mgao umepungua, na kibanda ambacho zamani kilikuwa cha kuongezea mboga, leo ndicho kinacholisha nyumba. Kikifungwa, watoto wanalala njaa.

Na vinafungwa. Ukimuuliza mwenyewe sababu, atakujibu: mtaji umeisha. Sawa. Lakini uliishaje? Hapo wengi tunanyamaza, kwa sababu hatujui. Hakukuwa na mtu wa kutuuliza mapema.

Wengi wetu tunaijua likelemba. Wanyarwanda wanaiita ikimina. Watu kumi wanaweka pesa kila wiki, na kila wiki mmoja anachukua zote. Sasa fikiria likelemba nyingine, ambayo kila wiki mnakaa pamoja na kumpa mmoja wenu akili zenu zote juu ya biashara yake. Wiki hii yeye, wiki ijayo wewe. Mimi niko katika kikundi cha namna hiyo. Tuko watu watano, na tunakutana kila Jumapili jioni.

Kati yetu kuna mama anayepika mandazi. Ameniruhusu niwasimulie habari yake, mradi nisimtaje jina. Kila siku alinunua unga, mafuta na sukari kwa shilingi 25,000. Alipata mandazi 60, akiuza kila moja 500, yaani 30,000. Kwa hesabu yake alikuwa anapata faida ya 5,000 kila siku. Lakini kila mwisho wa mwezi alikopa ili anunue unga. Akaanza kusema labda kuna mtu anamwonea wivu.

Zamu yake ilipofika, hatukumpa ushauri. Tulimuuliza maswali tu. Makaa unanunua kwa ngapi? Akasema 3,000 kwa siku. Mbona hukuyataja? Akasema makaa ni ya nyumbani. Mandazi mangapi yanaliwa na watoto, na mangapi unampa jirani aliyekuja kusalimia? Hakujua.

Mama huyu hasomi wala haandiki. Basi mmoja wetu akamwambia achukue kopo, na kila andazi linalotoka bila kulipiwa, atie harage moja ndani. Wiki iliyofuata alikuja na kopo lake. Kwa wastani yalikuwa maharage sita kwa siku. Mandazi sita ni shilingi 3,000. Tukapiga hesabu pamoja: pesa inayoingia ni 27,000, inayotoka ni 28,000. Kila siku aliamka saa kumi usiku ili apoteze shilingi 1,000.

Alilia. Kisha akacheka. Leo watoto wanakula mandazi mawili, yale yaliyoungua kidogo, na makaa ananunua gunia zima pamoja na jirani yake kwa bei nafuu. Hajatajirika. Ila hakopi unga tena.

Na mimi, msije mkafikiri nilikuwa mwerevu. Mbali na redio hii, nachaji simu za watu kwa sola. Nilitaka kukopa ninunue paneli ya pili. Kikundi kikaniuliza: ile ya kwanza inachaji simu ngapi kwa siku, na wangapi wanalipa? Nilikasirika. Nilimaliza sekondari, nitaulizwa hesabu na muuza mandazi? Lakini niliandika wiki nzima. Simu 20 kwa siku. Waliolipa ni 11. Wale tisa walikuwa rafiki, jirani, mwanakwaya mwenzangu. Kwa shilingi 500 kila simu, nilikuwa naacha 4,500 kila siku mikononi mwa watu. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, huna shida ya paneli. Una shida ya aibu." Siku hizi simu haitoki mpaka ilipiwe. Nimepoteza wateja wawili na salamu zao. Mkopo sikuuchukua.

(MUZIKI MFUPI)

Ndugu wasikilizaji, jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1723 kijana wa miaka 17, Benjamin Franklin, alitoroka mji wake wa Boston, akafika Philadelphia akiwa na pesa kidogo sana na hana ndugu pale. Mwaka 1727 alikusanya wenzake, watu wa kazi za kawaida: wachapaji, fundi viatu, seremala, karani. Walikutana kila Ijumaa jioni. Kati ya maswali waliyoulizana, moja lilikuwa hili: kuna mtu yeyote unayemjua ambaye biashara yake imeanguka karibuni, na sababu yake ni nini? Baadaye huyo Franklin akawa mmoja wa watu wakubwa wa Marekani. Lakini alianza akiwa mgeni mjini, amekaa na wenzake, wanaulizana.

Sasa, mkitaka kuanza, fanyeni hivi.

Kwanza, muwe watu wanne hadi sita, na biashara zenu zisifanane. Wauza nyanya wawili wa njia moja hawataambiana ukweli.

Pili, chagueni siku moja na saa moja, msibadilishe. Kila mtu ana dakika tano za kusema namba tatu: nimeuza ngapi, nimetumia ngapi, nawadai watu ngapi. Nusu saa inayobaki ni ya mwenye zamu.

Tatu, ulizeni kabla ya kushauri. Maswali kwanza, mawaidha baadaye.

Nne, kila mtu aondoke na ahadi moja ya wiki. Jumapili ijayo ataulizwa kama ameitimiza.

Tano, pesa isiingie. Msikopeshane humo, kwa kuweka na kukopa kuna AVEC na vikundi vingine. Na mtu akikuambia ulipe ada ili uingie katika kikundi cha akili, ama akakuahidi faida, kimbia.

Sita, yanayosemwa pale yanabaki pale.

Hili la sita ndilo gumu. Najua mnachofikiri: nikitaja pesa zangu, usiku nitavunjiwa. Basi usitaje mahali unapoweka pesa, taja hesabu tu. Na kuna hofu nyingine tunayoificha. Wengine tulikimbia vita, wengine tulikimbiana sisi kwa sisi. Katika kikundi chetu kuna kaka mmoja, fundi cherehani, ambaye watu wake na watu wangu huko nyumbani hawasalimiani. Miezi miwili ya kwanza hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kisha zamu yake ikafika, akasema kwamba amebakiwa na kitambaa cha nguo moja tu na hajui afanyeje. Mtu akikuonyesha udhaifu wake hivyo, ni vigumu kuendelea kumwogopa. Mimi ndiye niliyempelekea mteja wake wa kwanza wa sare za shule.

Kikundi hakitaongeza mgao. Hakitazaa mtaji. Kazi yake ni kukuonyesha tundu kabla gunia halijaisha.

Basi kazi yenu wiki hii ni ndogo. Chukua daftari, ama kopo na maharage. Hesabu kila kitu kinachotoka bila kulipiwa. Kisha mtafute mtu mmoja, mmoja tu, umwambie namba hiyo kwa sauti.



(MUZIKI UNAPANDA, MWISHO)