Fidla Zilizochomwa na Fidla Zilizookolewa



Tumeombwa kunena machache juu ya muziki wa wazee. Nasi tumechagua mfano wa mbali, nchi ya Uskoti, kwa kuwa jambo la jirani huonekana wazi kuliko la nyumbani.

Fidla ni ndugu ya zeze letu: nyuzi nne juu ya sanduku la mti, nazo hupigwa kwa uta wenye singa za farasi. Katika karne ya 18 ilienea Uskoti yote, kwa wakuu na kwa maskini, lakini kila upande uliipiga kwa namna yake. Penye bonde la mto Spey ulikua mchezo uitwao strathspey, ambao mara nyingi sauti fupi hutangulia ndefu, kama mtu ajikwaaye kisha akasimama imara. Katika Perthshire alitokea Niel Gow, aliyezaliwa mwaka 1727. Alifundishwa kufuma nguo, lakini fidla yake ilimfanya apendwe na watawala wa Atholl hata alipokufa mwaka 1807. Magharibi waliiga sauti ya zumari za mfuko. Na visiwa vya Shetland, vilivyokuwa chini ya wafalme wa Norwe hata mwaka 1469, vina mapigo yafananayo na ya Norwe.

Sasa sikilizeni neno litugusalo sisi makatekista. Katika kisiwa cha Skye alikuwako kipofu, jina lake Donald Munro, mpiga fidla hodari. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliongoka, akaacha fidla, akawa katekista. Yasimuliwa kwamba aliwahimiza watu walete fidla na zumari zao, zikachomwa moto. Hakuwa mtu mbaya; aliiona fidla kuwa mtego wa anasa. Lakini kilichoungua hakikurudi.

Katika miaka ile ile Waskoti wengi walivuka bahari, wengine wakiondolewa mashambani ili kondoo wapate malisho. Wengi wakakaa Cape Breton, huko Kanada, nao wakazihifadhi nyimbo za kwao. Huko nako yasimuliwa habari za padre mmoja wa Mabou aliyekusanya fidla za waumini ili ziharibiwe. Hata hivyo muziki ukaendelea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 filamu ya shirika la utangazaji la Kanada ilisema kwamba wapiga fidla wa Cape Breton wanatoweka. Watu wakachomwa moyo. Padre John Angus Rankin, paroko wa Glendale, pamoja na wenzake, wakawaita wapigaji, na mwaka 1973 wakakusanyika zaidi ya 100. Madarasa ya vijana yakaanzishwa, na fidla zingali zikilia kisiwani humo hata leo.

Basi ndugu, katekista mmoja alikusanya fidla ili azichome; padre mmoja alikusanya wapigaji ili wasipotee. Wote wawili walimpenda Mungu. Katika jubilei hii twamshukuru kwa yote tuliyopewa. Lakini tujiulize pia: katika vijiji vyetu, ni mzee gani aliyebaki na zeze lake bila mwanafunzi? Tusingoje filamu ituambie. Tumpeleke kijana akaketi karibu naye, mzee angali hai.